Mpiga Mbiu wa Ukwaju FM

"Nipeni mimi kipaza sauti hicho! Bao likifungwa hapa Bagamoyo, mtu wa Lugoba atashangilia kabla nyavu hazijatulia!"

Aliyesema hivyo ni Mtoro Bwanausi, mchana kweupe, amepanda juu ya kreti la soda kwenye mkutano wa wanachama wa timu ya Dunda Shababi. Watu walicheka. Kisha kicheko kikakatika katikati, kwa sababu nusu ya waliokuwapo, kwa mazoea tu, walikwishajishika vifua wakingoja kuambiwa nani amefariki.

Huwezi kuwalaumu. Mtoro ni mpiga mbiu wa misiba. Baba yake aliifanya kazi hiyo kwa pembe ya nyati na miguu pekupeku; yeye ameipandisha cheo, anapita mitaani na spika ya mkononi, na msiba ukiwa mkubwa hukodiwa gari lenye vipaza sauti juu ya paa, akafika Kiwangwa, Msata, mpaka Lugoba, kuwaarifu ndugu wa bara. Sauti yake Mungu aliigawa bila kupima. Nzito, imekwaruza kidogo kwa chini, inapita ukuta wa udongo na wa tofali bila kubisha hodi. Akisema "Inna lillahi" karibu na soko, wanafunzi wa uvuvi kule Mbegani wanaulizana nani.

Na hataji jina la mtu kama wanavyotaja wengine. Miji ya pwani ina akina Yunus wengi kuliko minazi; ukitangaza "Yunus amefariki" ukaishia hapo, utaliza mtaa mzima bure, wakiwemo akina Yunus wenyewe. Kwa hiyo Mtoro humtaja mtu pamoja na ukoo wake: mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, wa nyumba ile nyuma ya kisima, mkwe wa nani, shangazi yake anauza nini. Akimaliza, hata mgeni aliyeshuka basi jana anajua aende kulia nyumba ipi. Hiyo ndiyo sanaa yake, wala hakuna aliyewahi kumpigia makofi, maana nani anapiga makofi msibani?

Alichopata ni kukimbiwa. Watoto wanamkimbia. Akikohoa uchochoroni, wanawake wanaepua vyungu. Akifika kijiwe cha kahawa na kusema "Asalaam alaykum," jibu huja limeunganishwa kama behewa: "Waalaykumsalaam-nani?" Hata alipokwenda kuposa, mama mkwe alisikia hodi yake akaanza kulia kabla hajafungua mlango. Mkewe, Bi Tabia, humkumbusha kisa hicho kila anapomwona anapandisha mabega.

Lakini lililomkaa rohoni ni harusi ya binti yao, Shamsia. Mtoro alijiandaa siku nyingi awakaribishe wageni kwa sauti yake mwenyewe. Wakwe wakamvuta pembeni, kwa adabu zote za pwani, wakamkabidhi jagi la maji awanawishe watu mikono. "Baba, tunakuheshimu sana," walimwambia, "ila leo ni siku ya furaha." Akanawisha mikono mpaka jioni, mdomo umefungwa kama mfuko wa sukari, na bintiye akaondoka nyumbani bila kusikia dua ya baba yake ikisemwa mbele za watu. Tangu siku hiyo Mtoro alikuwa na haja moja duniani: walau mara moja kabla hajafa, mtu mmoja aisikie sauti yake na afurahi.

Mlango ukafunguka kupitia mpira, mchezo ambao Mtoro alikuwa akiufahamu kama wengi wetu tunavyoifahamu dini: anaupenda sana, kanuni zake hana hakika nazo.

Dunda Shababi wanacheza ligi ya mkoa. Msimu uliopita mechi zao zilirushwa na kituo kimoja kikubwa cha Dar es Salaam, chenye masafa yanayofika mpaka chini ya kitanda. Raha ilikuwa kubwa na fupi. Timu za majina makubwa zilipoanza kucheza siku zile zile, Dunda Shababi wakakatwa hewani katikati ya kona. Mpaka leo wapo wazee wasiojua ile kona iliishia wapi. Mwenyekiti wa timu, Mikdad, akasema heri kibanda chako kuliko baraza la tajiri, akazihamishia mechi Ukwaju FM, redio ndogo ya hapa hapa mjini, iliyoko ghorofani juu ya duka la magodoro, mlingoti wake umefungwa kwa nyaya kwenye tangi la maji.

Msimamizi wa Ukwaju FM ni Adila, dada mwenye macho makali na subira kidogo, na hakumficha mtu ukweli. Mawimbi yetu, alisema, ni kama mwanga wa tochi: yanakwenda mbele, yakikuta kilima yanaacha kivuli. Bagamoyo mjini, safi. Kiwangwa, safi ukivuta antena. Lugoba iko nyuma ya miinuko; huko utapata neno moja, mawili yatamezwa, na hilo moja lenyewe kwa hisani ya upepo.

Mtangazaji wao wa kwanza alikuwa kijana hodari, akapata kazi Dar, akaondoka na vipokea sauti vya masikioni kama kumbukumbu. Ndipo Mtoro alipopanda kreti.

"Mzee Mtoro," Mikdad alimwambia, "mpira si maiti. Unakimbia."

"Na mdomo wangu una miguu."

"Lugoba hawatupati vizuri hata akitangaza mtangazaji wa kawaida."

"Wa kawaida! Mwanangu, mimi Lugoba nafika bila umeme."

Kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, na kwa kuwa Mtoro alikuwa tayari kufanya kazi hiyo kwa chai na kitumbua, walimpa.

Adila alimpandisha ghorofani kumjaribu. Akamketisha mbele ya kipaza sauti, dirisha liko wazi, akamwashia taa nyekundu. Mtoro akasafisha koo, akasema taratibu, "Asalaam alaykum."

Salamu ile ikamrudia kutoka chini. Ikatoka duka la magodoro, ikatoka kwa kinyozi, ikatoka kwenye bajaji iliyoegeshwa, ikatoka kwa muuza dawa ng'ambo ya barabara, zote kwa wakati mmoja, kana kwamba kuna akina Mtoro kumi na kila mmoja amefika kwenye mlango wake. Alisimama dirishani mkono mdomoni. Maisha yake yote alikuwa akiibeba sauti yake kwa miguu, nyumba moja baada ya nyingine, jua la utosi, mvua ya vuli. Kumbe inaweza kwenda peke yake, ikaingia kwa watu wote kwa pamoja, wala isitoe jasho.

"Subhanallah," alisema, na hiyo nayo ikatoka kwa kinyozi.

Mkasi wa kinyozi ukasimama. "Nani?" sauti ikauliza kutoka barabarani. Mteja aliyenyolewa upande mmoja akatoka nje kusikiliza vizuri.

Adila akazima mtambo. Alitaka kucheka, akamwona mzee wa watu anavyoitazama barabara, akaacha. "Jumamosi, baba," alisema. "Dhidi ya Chalinze."

Jumamosi ikafika. Timu ya Chalinze inaitwa Breki Kali. Wachezaji wake wamekulia kando ya malori na wanakaba kama watu wanaozuia tela lisiserereke. Adila alimweka Mtoro kando ya uwanja chini ya mwavuli, akampa kifaa cha kupeleka sauti ghorofani, akamwonya: "Baba, jina la mchezaji, halafu alichofanya. Basi."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Hakuwa ameelewa. Filimbi ilipopulizwa, mpira ukamfikia Najim, winga wa kushoto wa Dunda Shababi, na Mtoro akafungua kinywa kwa namna pekee anayoijua ya kumtaja binadamu.

"Najim, mwana wa Dadi fundi wa boti, wa Magomeni, nyumba ya bati jekundu nyuma ya kisima! Mjukuu wa Bi Shufaa wa Lugoba, mama yake marehemu Mwanamvua..." Alipofika kwa Mwanamvua, mpira ulikuwa umetoka nje, umerudishwa, na Breki Kali wamekwishapiga shuti. Mtoro akawaambia wasikilizaji kwamba kumetokea jambo fulani golini lakini lisiwatie wasiwasi.

Mjini watu walikuwa wakijigaragaza kwa kicheko. Redioni mechi ilikuwa nyuma ya mechi. Mtu aliyekaa uwanjani na redio sikioni alikuwa anatazama mchezo mmoja na kusikiliza khitma ya mwingine.

Kilichotokea Lugoba, Mtoro alikuja kusimuliwa baadaye. Bi Shufaa, bibi yake Najim, alikuwa uani akichambua mbaazi, redio imeangikwa kwenye tawi, inakwaruza kama kuku. Hakuwa na habari kwamba Mtoro ameingia kwenye mpira. Alikuwa anamsubiri yule kijana wa zamani. Mara upepo ukaleta sauti, wazi kabisa, ile anayoijua. "Najim, mwana wa Dadi..." Mkwaruzo. "...nyumba ya bati jekundu..." Mkwaruzo. "...mjukuu wa Bi Shufaa..." Kisha ikamezwa.

Hakuhitaji zaidi. Kwa sauti hiyo alikuwa ametangaziwa mumewe. Kwa sauti hiyo, na kwa nasaba kama hiyo, alikuwa ametangaziwa bintiye Mwanamvua. Akaweka ungo chini taratibu, akasema, "Na mtoto wake pia?" halafu akapiga yowe lililokusanya kijiji.

Wakapiga simu ya Najim. Ikaita, ikaita, haikupokelewa, maana ilikuwa ndani ya begi kando ya uwanja. Wakapiga simu ya baba yake, Dadi. Ikapokelewa, na wakasikia umati wa watu wakilia "Ooooh!" kwa uchungu wa kweli, kwa sababu Dunda Shababi walikuwa wamekosa penalti muda ule ule. Simu ikakatika. Sasa nani angebaki na shaka? Wakakodi Fuso, wakapakia mchele, sufuria na majamvi, wakashika njia.

Ndani ya Fuso lile mlikuwa na redio nzuri, na kuanzia Kiwangwa mawimbi ya Ukwaju FM yanaingia safi kama maji ya kisima. Lau ingekuwa inasema, wangemsikia marehemu wao akipiga chenga. Lakini dereva alikuwa mtu aliyelelewa. Alipoona wanawake wanapanda wakilia, aliizima kwa heshima. Nani anasikiliza mpira kwenye gari la msiba?

Uwanjani, kipindi cha pili kilikuwa kinakwenda ukingoni, sifuri kwa sifuri, na Mtoro ameanza kulowa aibu. Alikuwa anasikia watu wanavyocheka, na hakikuwa kicheko alichokitaka. Mara Najim akaupata mpira nyuma kabisa, karibu na lango lake mwenyewe, akaanza kwenda.

Mtoro akaanza naye. "Najim, mwana wa Dadi..." Najim akampita wa kwanza. "...mwana wa Abdulwahab aliyechonga milango..." Akampita wa pili. Kijana alikuwa anakimbia na mzee anapanda ukoo, babu kwa babu, na safari hii, kwa sababu ambayo hata Adila hakuweza kuieleza, vitu viwili hivyo vikaenda sambamba. Kila babu aliyetajwa, beki mmoja alikaa chini. Kicheko kikafa uwanjani. Watu wenye redio sikioni wakasimama, wanasikia majina ya wazee ambao makaburi yao wanayapita kila siku wakienda sokoni, na wanamwona mjukuu wao anapasua katikati ya watu kana kwamba wazee wale wanamfungulia njia. Mtoro akafika kwa babu wa saba, yule aliyekuja pwani kwa miguu na ambaye nyuma yake hakuna anayejua jina. Sauti ikaisha pumzi. Najim akapiga.

Nyavu zikatikisika.

Kisha uwanja ukapasuka.

Filimbi ya mwisho ilipolia Najim alikuwa juu ya mabega ya watu, soda mkononi. Na hapo ndipo Fuso likaingia kwa kasi mpaka kwenye mstari wa pembeni, wanawake wamejifunga kanga viunoni, kilio kimetangulia gari. Walikuwa wamepita nyumbani kwa Dadi, wakaikuta imefungwa, wakaambiwa watu wote wako uwanjani. Wakaja wakaona umati wa wanaume umembeba mtu juu juu.

Bi Shufaa akashushwa, amekamatwa huku na huku. Akainua macho. Marehemu alikuwa anacheua gesi ya soda.

"Bibi?" Najim alisema kutoka mabegani. "Shikamoo. Kwema huko?"

Bi Shufaa hakuitikia marahaba. Najim akaruka chini akamwendea. Bibi akawa anampapasa uso, masikio, meno, kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Wanawake waliokuwa wakilia waliendelea kulia, maana kilio hakina breki, ila sasa hawakujua wanalilia nini.

Mjomba wa Najim, Majaliwa, mwanaume mpana, alimwona Mtoro chini ya mwavuli. "Huyo hapo! Huyo ndiye aliyetutangazia!"

Umati ukageuka. Mtoro akasimama. "Nilisema ana mpira," alijitetea, na kwa mara ya kwanza watu walimsikia akisema kwa sauti ndogo.

"Sisi tulisikia jina. Tukasikia ukoo. Tukasikia na nyumba! Kwa sauti yako wewe, mzee! Ulitaka tungoje nini, jeneza?"

Mtoro alitazama majamvi ndani ya Fuso, akatazama sufuria za msiba, akaona kwamba wakwe zake walikuwa na haki: sauti yake ina mzigo mmoja tu, hata uipitishe kwenye mtambo gani. Akamnyooshea Adila kipaza sauti. "Chukua, mwanangu. Mimi mnipe jagi la maji."

"Mtoro." Ni Bi Shufaa, ameketi kwenye nyasi, mkono wake mmoja umeshika jezi ya mjukuu wake asije akatoweka. "Mume wangu nani alinitangazia?"

"Ni mimi, bibi."

"Na Mwanamvua wangu?"

"Ni mimi."

"Basi na huyu nataka nimsikie kwa kinywa chako. Nimetoka Lugoba, nikisikiliza nusu nusu. Nitangazie mpaka mwisho."

Adila hakuwa amezima kifaa. Mji wote ulikuwa unasikiliza. Mtoro akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Najim," alisema, na sauti ikajaa mahali pake. "Mwana wa Dadi. Wa Magomeni. Nyumba ya bati jekundu, nyuma ya kisima. Mjukuu wa Bi Shufaa wa Lugoba."

Akanyamaza. Hapo alipofika, siku zote huwa pana habari moja tu, na ulimi ulikuwa umeshaielekea wenyewe. Akaushika. Akatafuta nyingine, asiione. Watu wakangoja.

Na Najim, kijana aliyefunzwa kwamba mtu mzima akikuita jina lako hukai kimya, akaitikia.

"Naam, babu. Nipo."

Mtoro alimkodolea macho. Miaka yote hiyo alikuwa ameita majina ya watu, mashekhe na wavuvi, wachanga na vikongwe, akayaita mtaa kwa mtaa mpaka koo likachubuka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumjibu. Akaita tena, polepole, kama anayejaribu kina cha maji kwa mguu.

"Najim?"

"Naam, babu."

Bi Shufaa akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Kilikuwa cha kizee, chembamba, kimepasuka katikati. Wanawake wa Fuso wakakidaka, wa uwanjani wakakidaka, na kutoka mjini, madirishani na vibarazani kulikokuwa na redio, kikasikika kingine, na kingine, kinakuja kuelekea uwanjani kama mvua inayotembea juu ya makuti. Mtoro alikuwa hajawahi kujibiwa hivyo. Alisimama kinywa wazi, machozi yanamtiririka bila aibu, anausikiliza mji mzima ukifurahi kwa sababu yeye amesema.

Kisha akafanya alichokijua. Akamwita mlinda mlango kwa ukoo wake wote, akaitikia naam. Akawaita mabeki. Akawaita wa akiba, ambao msimu mzima hakuna aliyewahi kuwataja. Walipokwisha, nahodha wa Breki Kali akaja mbele ya mwavuli, vumbi mpaka kwenye kope, akakuna kichwa. "Mzee wetu, shikamoo. Na sisi tuna wazee wetu, kule Chalinze."

"Marahaba, mwanangu. Njoo karibu. Baba yako nani?"

Majaliwa alishusha mchele mwenyewe. Ulipikwa pale pale kando ya uwanja, na waliokuja kuzika walikula na waliokuja kucheza.

Dunda Shababi bado wanarushwa na Ukwaju FM, na Lugoba bado iko nyuma ya miinuko. Adila anasema mtambo hauwezi kufika zaidi ya hapo. Kwa hiyo watu wa huko wameamua kuyafuata mawimbi wenyewe: wanafunga waya kwenye antena ya redio, wanaupandisha mpaka kileleni mwa mti, wanauvuta kuelekea baharini. Siku za mechi Lugoba imejaa nyaya kama imetegewa ndege, na chini ya kila waya watu wameketi kimya, wanangoja kumsikia mpiga mbiu akiita. Bi Shufaa ndiye aliyeanza; alimtuma Majaliwa dukani akamwambia achukue waya mrefu kuliko zote.

Waya wa shaba, Lugoba, ni shilingi elfu mbili kwa mita, na haukai dukani.